Chama chenu kilipe SHA kabla bili haijaja

Karibu kila kundi la WhatsApp lina lile bango: picha ya mgonjwa, bili ya hospitali na nambari ya kutuma mchango. Wakenya tunachanga, tena haraka. Lakini kwa nini tungoje mtu alazwe kwanza?

Walioajiriwa hukatwa 2.75% ya mshahara kila mwezi, wamemaliza. Shida iko kwa mama mboga, fundi wa jua kali na mtu wa boda. Enzi za NHIF alilipa 500 kwa mwezi. Tangu SHA ianze Oktoba 2024, anakadiriwa mapato kisha anatakiwa kulipa mwaka mzima mara moja. Kiwango cha chini kabisa ni 3,600, yaani kama shilingi 10 kwa siku. Ukiigawa hivyo ni ndogo. Kuitoa yote kwa mkupuo mwezi wa karo ni hadithi nyingine, ndiyo maana wengi wamejisajili na hawajalipa.

Chama kinaimudu kazi hii. Tuseme mko 20, na kila mmoja anaongeza 70 kwa wiki. Hiyo ni 1,400. Wiki ya tatu mnamlipia wa kwanza, na kufikia wiki ya 52 wote mmelipiwa, mnabaki na 800 (ya soda). Ni merry-go-round ile ile, ila pesa haimfikii mtu mkononi. Aliyekadiriwa juu zaidi anajaziliza mwenyewe. Na malipo ya mmoja yanamkinga mwenzi wake na watoto pia.

Ubishi utakuwa nani aanze. Sisi tungeachana na kura: aanze mjamzito, afuate mwenye watoto wadogo, vijana wenye nguvu wangoje. Hatari ni kwamba aliyelipiwa mapema anaweza kuacha kuchanga, kwa hivyo andikeni kwenye katiba ya chama kuwa akiba yake ndiyo itakayofidia, na awe na mdhamini.

Pesa yenyewe isikae kwenye simu ya mweka hazina, hata awe mwaminifu vipi. Fungueni akaunti ya kundi ambayo watu wawili au watatu lazima waidhinishe kila malipo. Kila mwanachama alipiwe kwa nambari yake ya kitambulisho, kisha ahakikishe mwenyewe kwa *147#. Picha ya risiti kwenye WhatsApp haitoshi.

Mkitaka bima ya kibinafsi juu ya SHA, nendeni pia kama kundi. Kampuni huogopa mtu anayekuja peke yake, maana huenda ameshaanza kuumwa. Wakija 20, wazima na wagonjwa pamoja, hatari inagawanyika na bei hushuka. Ulizeni muda wa kungoja kabla ya uzazi kulipiwa, na muulize kabla ya kutuma hata shilingi moja.