Kuota Huku Unajua: Madai Yanayopotosha

Wapo wanaokataa katakata kwamba mtu anaweza kuota huku akijua anaota. Wanasema ni hadithi anayoitunga akishaamka. Hoja hiyo ilijibiwa Aprili 1975 katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza. Mwili wa anayeota hulegea kabisa, lakini macho huendelea kucheza. Basi mtafiti Keith Hearne alipatana na mshiriki wake, Alan Worsley, kwamba Worsley akijitambua ndotoni apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Ishara zikaja, mashine ikazichora, na Worsley bado amelala. Mtafiti Stephen LaBerge naye akathibitisha jambo hilo hilo huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akachapisha matokeo mwaka 1981.

Dai la pili ndilo linalonikera zaidi, maana wapo wanaoligeuza biashara: eti bila mzizi au unga wa kunusa huwezi. Mkazi wa Busunzu, wilayani Kibondo, hahitaji kununua chochote. Jogoo wake anamtosha. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na muda wa ndoto hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Kwa hiyo anayejaribu saa nne usiku, ndiyo kwanza anajilaza, anajichosha bure. Aamke saa kumi, jogoo wanapowika na baridi ya Kibondo bado kali. Simu aiache. Aikumbuke ndoto aliyotoka kuiota, atafute ndani yake jambo lisilowezekana: tuseme bibi aliyezikwa zamani alikuwa uani akipepeta maharage. Ajione amerudi pale pale, anamtazama bibi na ungo wake, na safari hii anatambua. Aseme moyoni, "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota," arudie kwa kumaanisha mpaka usingizi umchukue.

Ni kweli galantamini, dawa ya wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilionekana mwaka 2018 kuongeza uwezekano. Lakini waliopewa walikuwa wakiamka usiku na kutumia mbinu hii hii, na dawa ya hospitali si ya kujinywea.

Kuna wanaosema kujifinya mchana, kujipima kama unaota, kunatosha. Hakutoshi. Kipimo kizuri zaidi ni kusoma maandishi ya mfuko wa mbolea, kugeuka, kisha kuyasoma tena: ndotoni mara nyingi hubadilika. Au ziba pua ujaribu kuvuta pumzi, ikipita, unaota. Hata hivyo, utafiti wa Denholm Aspy wa Australia, 2017, ulionyesha kwamba vipimo vya mchana peke yake havikufua dafu. Waliochanganya vipimo, kuamka baada ya saa tano na kunuia walifaulu katika asilimia 17 hivi ya majaribio ya wiki moja. Waliorudi kulala ndani ya dakika tano walikaribia nusu. Anayekuahidi usiku wa kwanza anakudanganya.

Na wanaotisha kwamba utakabwa na jinamizi usirudi tena? Kukabwa kupo: akili imeamka, mwili bado umelegea. Hupita baada ya sekunde au dakika chache, na huwapata zaidi wanaolala chali na wenye usingizi pungufu. Lala ubavu. Tena anayeshika jembe alfajiri asikatize usingizi kila siku; achague usiku ambao kesho yake atapumzika.

Dai la mwisho nalipinga kwa uzito wote: kwamba mbinu hii ndiyo tiba ya ndoto za kutisha. Jirani zetu waliofikia kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu walikimbia vita na machafuko, na wapo ambao hayo yanawarudia usiku. Mtu wa hivyo, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe ajaribu peke yake. Kwake kuna njia yenye ushahidi imara zaidi, inayofanywa mchana, macho wazi: anaichukua ndoto inayomtesa, anaibadilisha apendavyo, kisha anaipitia hiyo mpya akilini kila siku. Mtafiti Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, wakachapisha mwaka 2001: ndoto mbaya zilipungua na usingizi ukatengemaa. Afanye hivyo akiwa na mtaalamu wa afya ya akili.