Si Kila Usiku wa Kukosa Usingizi ni Shetani



Wengi huniomba niwaombee "roho ya kukosa usingizi" iwatoke. Nikiuliza kuhusu kazi, mambo yanakuwa wazi. Mtu anaamka saa kumi alfajiri huko Kangemi ili awahi matatu kabla Waiyaki Way haijafungana. Anashinda mjini akikimbizana na targeti, anafika nyumbani saa tatu usiku. Saa tano, simu inalia: bosi ameandika kwenye grupu ya WhatsApp, anataka ripoti asubuhi.

Mpendwa, huyo si pepo. Ukiwa na hofu ya kesho, moyo unaenda mbio na mwili unatoa homoni za kukuweka macho, kana kwamba kuna hatari mlangoni. Huwezi kukemea hiyo hofu halafu ushike simu tena.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alichoka hadi akaomba afe. Malaika hakumwambia afunge. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye.

Sasa niseme na ninyi waajiri mlio kanisani. Kumbukumbu la Torati 5 inataka mtumishi wako apumzike kama wewe, na sababu imetolewa: Israeli walikuwa watumwa Misri. Hata Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Usiinue mikono Jumapili asubuhi, halafu jioni umtumie mtu kazi kama Farao anayedai matofali.

Nawe mfanyakazi, mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Weka simu mbali na kitanda. Ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, na hali iendelee miezi 3, nenda hospitali. Daktari hapingani na maombi. Na kama umetoka shifti ya usiku, usije kesha. Lala. Hakuna atakayesema umerudi nyuma.

Kulala pia ni imani: unakubali kwamba Mungu anaweza kuilinda Nairobi bila wewe.

Baba, mpe mwanao usingizi leo, na uguse moyo wa bosi wake. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha uzime simu.