Nafasi ya Mpigaji Mmoja

Kikundi cha muziki kinapoondokewa na mpigaji, neno la kwanza lisemwalo na watu wa nje ni kwamba atafutwe mwingine, kana kwamba ni mpira wa baiskeli uliopasuka. Huko Mafubira, kitongoji cha Jinja ambacho tangu mwaka 2020 kimo ndani ya mipaka ya jiji, sababu za kuondoka ni nyingi. Kijana wa Kisoga hupata pikipiki ya kubebea abiria, au huchukuliwa kiwandani, au huenda katika mashamba ya miwa ya Kakira. Kazi hizo hazina jioni iliyo huru. Basi mpigaji huaga, na wenziwe hubaki wakitazamana. Ikiwa chombo chao ni gitaa, hasara yaweza kuzibwa. Ikiwa ni embaire, hilo ni jambo jingine.

Embaire ni marimba makubwa ya Wasoga. Huchimbwa shimo refu ardhini, na kandokando yake hulazwa vigogo viwili vya mgomba. Juu ya vigogo hivyo hupangwa vipande vya mbao, vikubwa kwa vidogo, aghalabu ishirini hivi, na kile cha sauti nene kabisa ni kama gogo la kukalia. Shimo ndilo linaloipa sauti uzito wake. Wapigaji, sita hata wanane, hukaa pande mbili wakielekeana. Hapana hata mmoja wao apigaye wimbo mzima. Huyu hupiga pigo lake, na yule wa pili huingiza lake pale ambapo mkono wa mwenziwe umeinuka. Kasi inapozidi, sikio la msikilizaji hukusanya mapigo hayo na kusikia wimbo ambao hakuna mkono mmoja ulioupiga. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyefika Uganda mwaka 1959 na kujifunza marimba kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri la Kabaka, aliandika sana juu ya ajabu hiyo.

Kutokana na ufundi huo, akiondoka mmoja, wimbo haupungui sauti tu, bali huwa na tundu. Waliobaki husikia tundu hilo katika kila mzunguko, na mikono yao wenyewe huanza kuyumba.

Waganda wanayo marimba yao madogo zaidi, amadinda, yenye mbao kumi na mbili na wapigaji watatu. Kila mmoja ana jina la kazi yake: omunazi huanza, omwawuzi hugawa, na omukoonezi hugonga mbao mbili za sauti nyembamba. Majina hayo yatosha kuonyesha kwamba nafasi yenyewe ni cheo, wala si kiti cha mtu yeyote apitaye. Kasri la Mengo liliposhambuliwa mwaka 1966, na falme kufutwa mwaka 1967, wanamuziki wa Kabaka walitawanyika. Falme ziliporudishwa mwaka 1993 mbao zingeweza kuchongwa upya, kwa maana mti haujaisha Uganda. Mtu aliyekuwa akijua wapi pa kuingiza pigo lake ndiye aliyekuwa adimu.

Bendi za mjini zilikuwa na njia yao nyepesi. Zilichukua mtu wa bendi nyingine. Afrigo ya Kampala ilizaliwa mwaka 1975 kwa wanamuziki waliojitenga na The Cranes. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila. Mpiga gitaa aliyefunzwa Kindu aliweza kukaa jukwaani Dar es Salaam bila kigugumizi, kwa kuwa gitaa la Kindu na la Dar es Salaam ni gitaa lile lile. Embaire hazina ukarimu huo. Kila kijiji huchonga na kulinganisha mbao zake kwa sikio lake, na mgeni, hata akiwa hodari kwao, hana budi kujifunza upya.

Hata Ulaya, bendi zilizochukua nyimbo za mababu na kuzitia fujo za vijana zimeonja taabu hii. The Pogues walianza London mwaka 1982, wakipiga nyimbo za asili ya Ireland kwa filimbi ya bati, akodiani na banjo, lakini kwa ghadhabu ya muziki wa panki, ule wa magitaa ya kelele ulioenea Uingereza katika miaka ya sabini. Mwaka 1991 walimwondoa mwimbaji wao, Shane MacGowan, ambaye ulevi ulikuwa umemshinda. Nafasi yake ilishikwa kwa muda na Joe Strummer, mtu mashuhuri kwa haki yake. Lakini hakuchaguliwa kwa umashuhuri tu. Miaka minne kabla ya hapo mpiga gitaa wao aliugua, na Strummer akamshikia nafasi safarini. Alikuwa amekwisha kukaa ndani ya nyimbo hizo. Strummer alipoondoka, uimbaji ulichukuliwa na Spider Stacy, mpiga filimbi aliyekuwamo tangu siku ya kwanza. Mara zote mbili walimpata mtu karibu.

Huko Busoga mtu wa karibu ni nani? Mara nyingi ni msichana. Tangu utoto wake amesikia mazoezi yakifanywa umbali wa hatua chache na jiko la mama yake. Hucheza kwa nyimbo hizo, na mchezaji asiyejua pigo linapogeuka huaibika mbele ya watu. Hata hivyo, anapotafutwa mpigaji mpya, wajumbe hupita mbele ya mlango wake wakaenda kumbembeleza mvulana wa kijiji cha tatu, asiyejua lolote ila kwamba posho itakuwapo. Kwa desturi ya Wasoga, kama ya Waganda, ngoma na marimba vilikuwa vyombo vya wanaume, na wanawake waliimba na kucheza. Sylvia Nannyonga-Tamusuza, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu baakisimba, ngoma ya Waganda, ameeleza mgawanyo huo, na jinsi ulivyoanza kulegea mashuleni. Mwalimu mwenye darasa la wasichana watupu na mashindano ya muziki mbele yake hana nafasi ya kubishana na mila. Huwakabidhi mirimbo.

Siku hizi kuna na faida ya kugombewa. Tangu mwaka 2015 tamasha la Nyege Nyege limeleta maelfu ya wageni Jinja. (Jina hilo Mswahili wa pwani hulitamka kwa haya, lakini kwa Kiganda lina maana ya hamu ya kucheza isiyozuilika.) Mwaka 2023 kampuni ya watu hao hao ilitoa santuri ya kikundi cha embaire cha Nakibembe, kijiji cha Busoga, na ikasikilizwa mbali sana na migomba yake. Ngoma za kadodi za Wagisu nazo, ambazo kwao Mbale huwasindikiza vijana kwenye tohara ya imbalu kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, sasa hukodiwa kwa arusi na kwa kampeni za wanasiasa. Kikundi chenye tundu hakikodiwi mara mbili.

Lakini kumchukua binti hakumalizi shida, huihamisha. Mazoezi hufanywa jua likishuka, saa ile ile ambayo binti hutumwa maji, humenya ndizi na kumbembeleza mdogo wake. Tundu lililozibwa kwenye embaire hufunguka jikoni. Mzazi anayekataa huitwa mshamba, na huenda si haki. Pengine amehesabu mikono iliyomo nyumbani mwake kuliko walivyohesabu wanaume wale ya kikundi chao. Tena yako masuala ambayo mama mwenye busara hawezi kuyaacha: kikundi hurudi saa ngapi kutoka arusini, nani humsindikiza binti, na fedha zake hupokewa na nani. Vikundi vingi hugawa mapato baada ya kutoa nauli, na mgeni hupewa la mwisho. Ni afadhali hayo yasemwe mapema, mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Kwa hiyo mjumbe wa kikundi aendaye kutafuta mpigaji wa namna hiyo hana haja ya kuanza na binti wala na baba yake. Aanzie jikoni, kwa mama, na aende na pendekezo mkononi: kwamba mazoezi yasogezwe hadi alasiri ya Jumapili, na kwamba ndugu wa kiume wa binti huyo, ambaye siku zote hukaa kando ya shimo akitazama tu, ndiye atakayekwenda na ndoo.