Mwenye Alitoka Anaweza Kurudia

Kuko vijana wetu, hapa Lubumbashi, Kisangani, Goma ao Bukavu, wenye walikuwa wanafanya kazi moja yenye jirani hawaijue. Usiku walikuwa wanafungua ordinatere na kusaidia kutengeneza programu huria, zile zenye kwa Kifaransa tunaita "logiciels libres". Mumoja alikuwa anatafsiri maneno, mwingine anatafuta makosa, mwingine anaandika kode. Kiisha siku moja wakanyamaza. Mwaka mumoja, miaka mitatu, miaka mitano. Leo wamoja kati yao wanataka kurudia, lakini wanasikia haya. Sisi tunawaambia: rudieni. Lakini kurudia kuko na ginsi yake.

Programu huria ni programu yenye kode yake iko wazi: kila mutu anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawia wengine. Ndugu musomaji, usifikiri ni mambo ya mbali. DHIS2, programu yenye ilizaliwa katika Iniversite ya Oslo kule Norvege, njo yenye wizara yetu ya Afya inatumia kwa kukusanya hesabu za magonjwa. Telefone ya Android yenye iko katika mufuko wako inatembea juu ya Linux. Nyuma ya programu za namna hii kuko watu, na wengi kati yao hawalipwe hata franka moja.

Mutu wa namna ile anaweza kuchoka. Anaoa, anazaa, anapata kazi ya mina yenye inamumaliza nguvu. Kwetu kuko tena umeme wenye unakatika-katika, bei ya mega, ordinatere yenye iliuzishwa kwa kulipa minerval ya watoto. Mwaka wa 2025, wakati M23 iliingia Goma na kiisha Bukavu, wengi walikimbia na kile tu walikuwa nacho mukononi. Nani atamuhukumu mutu kama huyo?

Kutoka si kosa. Hata Linus Torvalds, mwenye alianzisha Linux katika mwaka wa 1991, aliomba kupumuzika kidogo katika Mwezi wa 9 wa 2018, na akaomba musamaha juu ya maneno makali yenye alikuwa anatupia wenzake. Greg Kroah-Hartman akashika usukani, toleo 4.19 likatoka chini ya mukono wake, na mbele Mwezi wa 10 uishe Torvalds alikuwa amerudia. Kazi haikusimama, juu aliaga na akaacha mutu kwenye fasi yake.

Hatari iko kwenye kutoka bila kusema, ao kubaki peke yako na muzigo mpaka mugongo unavunjika. Tukumbuke mambo ya XZ. Ni programu ndogo ya kufinya mafaili kusudi yakamate nafasi kidogo, lakini inapatikana katika serveri mingi za dunia. Kwa miaka na miaka ilikuwa inachungwa na mufundi mumoja wa Finland, katika saa zake za kupumuzika. Katika mwaka wa 2022 aliandika wazi kwamba hali yake haiko muzuri, na kwamba kazi ile haina mushahara. Kulikuwa mutu wa kumusaidia, mwenye alijiita Jia Tan. Alitumika muzuri zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa mamlaka. Mwanzo wa 2024 akaingiza mulango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mulango wenye ungemuruhusu kuingia katika mashine za watu bila kupiga hodi.

Tarehe 29/3/2024 Andres Freund, ingenieri wa Microsoft, akatangaza hatari ile. Kitu chenye kilimushitua ni kidogo sana: kuingia katika mashine kulikuwa kunachelewa nusu ya segonde. Mufundi wa Finland, siku zile, alikuwa katika mapumuziko. Akarudia, akasafisha nyumba yake, na tarehe 29/5/2024 akatoa toleo 5.6.2 lenye halina mulango ule. Kurudia kwake kulikuwa na faida kwa watu wenye hawatamujua hata siku moja.

Somo njo hili: fasi ya mwenye hayuko haibake wazi. Kama wema hawaikamate, mwingine ataikamata.

Njo maana tunapenda ginsi Debian inafanya. Jamaa hiyo ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16/8/1993, na leo iko na karibu memba elfu moja katika dunia. Kwao, hata kutoka kuko na mulango wake. Mwenye anaenda likizo anaombwa awaambie wenzake, kusudi waweze kugusa kazi yake kama kuko haraka. Mwenye anaacha kwa muda murefu anaaga, anawaachia wengine programu zenye alikuwa anachunga, na jina lake linaandikwa "emeritus", ni kusema mustaafu wa heshima. Siku akirudia, njia yake ni fupi: wanapima tu kama angali anajua sheria na kazi. Lakini mwenye alipotea bila kuaga, na wakamuondoa, anaanza tena kama mugeni.

Tena, funguo ya zamani si kila mara inafungua. Kila memba wa Debian yuko na funguo ya siri ya kutia sahihi kazi yake. Mwanzo wa 2015, funguo za zamani za biti 1024 ziliondolewa, juu zilikuwa zimekuwa zaifu. Mwenye hakukuwa amebadilisha yake alibaki inje mpaka apate ingine. Haikuwa azabu. Dunia ilikuwa imesonga mbele.

Kwa hiyo, wewe mwenye unarudia, usianze na kusema, "Mimi njo nilikuwaka hapa mbele yenu." Soma kwanza mambo yenye yalibadilika. Usikalie kiti cha zamani: mwenye alibaki wakati wewe ulikuwa umetoka, alikilipia kwa usiku wake. Kamata kazi ndogo, yenye unaweza kumaliza. Wazee wanasema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Mutoto wa nyumba, yeye, jembe analikamata siku ya kwanza.

Na ninyi wenye mulibaki, musimuulize mwenzenu "ulikuwa wapi?" kama polisi kwenye barière. Mupimeni, kwa kuwa mambo ya XZ yametufundisha kupima. Lakini kupima si kufukuza.

Iko neno lingine, na hili tunaliambia wakubwa. Kampuni, wizara na iniversite zinatumia programu hizi bila kulipa. Ni haki yao. Lakini nani atalisha wenye wanazichunga? Iniversite inaweza kuhesabu kazi hii kama staje. Kampuni inaweza kutoa mega na saa mbili kwa juma kwa ingenieri wake. Vijana wengi walitoka juu ya mambo madogo kama haya, si juu ya uvivu.

Ndugu yetu mwenye uliacha, leo usiku, kama umeme uko, andikia wenzako mistari mitatu: mimi ni fulani, nilitoka, nimerudia na nitaanza na kazi hii ndogo. Kiisha uifanye.