Kuhama Chuo kwa Mwanafunzi wa Uhandisi

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kijana anayeutamani uhandisi huweza kuanza safari yake mapema. Shule za sekondari za ufundi za Iyunga na Ifunda humzoesha karakana angali mdogo, na baadaye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya huweza kumpokea. Chuo hicho kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, na mwaka 2012 kikapandishwa kuwa chuo kikuu. Hata hivyo, wamo wanafunzi ambao tangu siku ya kwanza macho yao yako mbali: Dar es Salaam, Nairobi, Lusaka, hata ng'ambo. Wanakusudia kuhama kabla ya kumaliza. Kusudio hilo si la kulaumiwa. Linalostahili lawama ni mazoea ya kuchagua chuo kwa sifa za jina lake, hali jambo litakaloamua kama mwaka utapotea ama hautapotea ni yale yaliyomo ndani ya masomo.

Kulikuwa na wakati ambapo kuvuka mpaka kwa ajili ya uhandisi halikuwa jambo la kuumiza kichwa. Kati ya mwaka 1963 na 1970 Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilifundisha sheria Dar es Salaam, udaktari Makerere na uhandisi Nairobi. Kijana wa Nyanda za Juu Kusini aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda Kenya, na alikuwa angali katika chuo kikuu chake mwenyewe. Chuo hicho kilipogawanyika, kila nchi ilishika njia yake, na Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kikafunguliwa mwaka 1973. Faida yake ilikuwa kubwa. Lakini kipimo kimoja cha masomo kilipotea, na mzigo wa kulinganisha vipimo ukamwangukia mwanafunzi.

Mzigo huo huanza na hesabu. Nchini Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani mihadhara, maabara na kujisomea kwa pamoja. Marekani krediti moja ni takriban saa moja ya darasani kila juma katika muhula wa majuma 15, na kila saa ya darasani hudai saa mbili za kujisomea. Basi somo la krediti 3 huko lina saa 45 za darasani na 90 za kujisomea, jumla 135. Kwa kipimo cha Tanzania ni krediti 13 na nusu. Aliyefaulu somo la krediti 12 hapa nyumbani asidhani amewazidi wenzake wa Marekani mara nne. Kwa kweli wamekaribia kulingana.

Lakini hesabu ya krediti si jambo gumu kuliko yote. Gumu zaidi ni mpangilio. Masomo ya uhandisi hupandiana kama matofali ukutani: mwanafunzi wa uhandisi ujenzi hawezi kukokotoa boriti ya zege kama hajajua jinsi mzigo unavyoipinda boriti, wala hatalijua hilo bila hisabati ya mwaka wa kwanza. Ikiwa chuo anachokihamia kilikwisha kufundisha somo la uimara wa vifaa katika mwaka wa kwanza, na chuo alikotoka hulifundisha katika mwaka wa pili, mgeni atalisubiri mpaka zamu yake irudi, na pengine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Krediti zake zote zaweza kukubaliwa, na mwaka ukapotea vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo anayehama ni heri ahame mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wakati masomo mengi bado ni hisabati, fizikia na uchoraji wa kihandisi. Kuhama katika mwaka wa tatu ni kujitafutia hasara. Na anayeitamani ng'ambo, mara nyingi ni busara zaidi amalize shahada ya kwanza nchini, kisha aende kutafuta ya pili. Mwenye mkopo naye aiulize Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kabla ya kuomba nafasi, si baada ya kufunga sanduku.

Yako pia ya kurudi. Shahada ya nje hutathminiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na mhitimu huandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo tangu mwaka 2003 inao mpango wa mafunzo ya kazini wa miaka mitatu kwa wahandisi wachanga.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo ni jema, ila haliwezi kumjibu kijana wa Iyunga anayeuliza somo lake la umeme linalingana na lipi la Makerere. Vyuo vyenyewe ndivyo vinavyopaswa kuchapisha majedwali ya ulinganifu, somo kwa somo. Hadi hapo, walimu wa kidato cha tano na cha sita wawaambie wanafunzi wao watakapofika chuoni waweke muhtasari wa kila somo, wenye mada, saa za maabara na vitabu vilivyotumika, nao ugongwe mhuri wa idara mwaka ule ule somo linapofundishwa, kwa kuwa mihtasari hubadilishwa na ya zamani si rahisi kuipata.