Mkupuo ni wa Mzee, Mwezi ni wa Mjane

Mjadala wa kikokotoo cha pensheni umedumu miaka sasa huku mtu mmoja akikosekana mezani. Ulipamba moto mwishoni mwa 2018, kanuni mpya zilipotaka mstaafu alipwe mkupuo wa asilimia 25 tu ya pensheni yake, na Rais Magufuli akazisimamisha Desemba hiyohiyo. Ukarudi Julai 2022 na asilimia 33. Katika bajeti ya 2024 Serikali ikasogea tena: asilimia 40 kwa makundi yaliyokuwa yakilipwa 50 zamani, na 35 kwa wengine, wakiwamo wanachama wa mfuko wa NSSF. Kila mara wanaosikika ni wastaafu watarajiwa, vyama vya wafanyakazi na wabunge. Mjane hasikiki. Nami nina hakika kwamba angeulizwa, hasa mjane wa upande huu wa Kilimanjaro, kuanzia Marangu hadi Holili mpakani, jibu lake lisingefanana na la marehemu mumewe.

Hesabu yenyewe haina mazingaombwe. Unachukua miezi aliyochangia mtu, unagawanya kwa 580, unazidisha kwa wastani wa mshahara wake wa mwaka. Aliyechangia miaka 30 kwa wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi anapata pensheni ya karibu milioni 7.45 kwa mwaka. Ile sehemu inayotolewa mkupuo huzidishwa kwa 12.5. Kwa asilimia 35, mzee anaondoka na karibu milioni 32.6 na kila mwezi anapokea kama 403,000. Tukiipandisha hadi 50 kama wengi wanavyodai, mkupuo unafika karibu milioni 46.6 na mwezi unashuka hadi 310,000. Kwa hiyo milioni 14 za leo zinalipiwa kwa 93,000 zinazokatwa kila mwezi.

Milioni hizo kwa kawaida huenda wapi? Huku kwetu jibu linajulikana hata kabla barua ya kustaafu haijaandikwa. Zinapanda kihambani, nyumbani kwao mlimani. Mzee anamalizia nyumba aliyoianza akiwa Dar au Tanga, anapiga bati jipya, anaweka madirisha ya alumini na geti, na ng'ombe wa maziwa bandani. Ni fahari halali ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Ila nyumba hiyo imesimama kwenye ardhi ya ukoo, kati ya migomba na makaburi ya mababu, na kwa desturi ya Wachagga nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba wa kiume. Mama anaishi humo kwa heshima ya mwanawe. Kijana akiwa mwema, mama analala salama. Akioa mke asiyepatana na mkwewe, mama anahamia jikoni. Na kama hakuzaa mtoto wa kiume, shemeji zake wanaanza kuulizia mipaka kabla tanga halijaondolewa.

Desturi ya kumweka mjane pembeni haiko Uchaggani peke yake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume, kwa nguvu ya sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963. Mkupuo uliozama kwenye saruji ya ukoo hautoki tena. Pensheni ya mwezi, kwa upande mwingine, haina kaburi la babu ndani yake wala shemeji wa kuipima kwa hatua.

Kwa hiyo ndiyo, naona kelele za kupandisha mkupuo zinamsahau mke. Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu wanaotaka mkupuo wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni thamani ya shilingi: 310,000 au 403,000 za leo hazitakuwa zilezile miaka kumi ijayo, na nyongeza ya pensheni husubiri uamuzi wa wakubwa. Ya pili unaiona ukishuka kutoka Himo kuelekea Holili. Kandokando ya barabara hiyo ya malori yanayokwenda kituo cha forodha na Taveta, kuna viwanja vya kununua, si vya ukoo. Mstaafu aliyejenga fremu nne pale, hati ikawa na majina mawili, lake na la mkewe, amemwachia mjane kitu kinachopanda bei pamoja na mahindi. Kama wastaafu wote wangefanya hivyo, nisingeandika makala hii. Ugomvi wangu ni kwamba uamuzi huo humtegemea mzee peke yake.

Tuje kwenye mwezi wenyewe, maana nao una kasoro zake. Kwa mujibu wa sheria ya NSSF, mjane au mgane mwenye umri wa miaka 45 na zaidi, au anayelea mtoto wa chini ya miaka 15, hulipwa pensheni maisha yake yote au mpaka atakapofunga ndoa nyingine. Aliye chini ya umri huo na asiye na mtoto mdogo hulipwa ya miaka miwili. Mchukue mama wa miaka 43 anayeuza vitunguu mpakani, mtoto wake wa mwisho ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mahitaji ya shule yanapanda ndipo pensheni yake inapokatika. Aliyeweka kigezo hicho nadhani alimfikiria mwanamke wa mjini mwenye cheti na ajira inayomsubiri.

Sharti la kuolewa tena linanishangaza zaidi. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mjane uhuru wa kuishi anapopenda na kuolewa na mwanamume amtakaye, mila iseme isemavyo. Sheria moja inamfungulia mlango, nyingine inamtoza akipita. Matokeo yake ni watu wazima kuishi kinyumba kwa kificho, na mjane kukosa ulinzi wa ndoa ya pili ili asipoteze tunda la ndoa ya kwanza.

Kisha makaratasi. Mjane anafika kaunta na mfuko wa plastiki: cheti cha kifo kutoka RITA, cheti cha ndoa cha parokia kilichokunjwa mara nne, vyeti vya watoto. Kadi ya uanachama inasema Aloyce, cheti cha ndoa kinasema Aloisi, kitambulisho cha taifa kina jina la tatu la babu. Anaambiwa akale kiapo kwa wakili. Anaambiwa pia alete barua ya usimamizi wa mirathi, na mahakama ya mwanzo nayo inamdai muhtasari wa kikao cha ukoo, ingawa majaji wa Mahakama Kuu wamekwisha kusema kuwa muhtasari huo si takwa la kisheria. Basi anarudi mlimani kuwabembeleza walewale wenye macho kwenye nyumba. Fedha ambayo ingemwepusha na ukoo inapitishwa ukooni ili imfikie.

Mpaka nao una deni lake. Watu wa huku wamefanya kazi Taveta, Voi na Mombasa tangu reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, waliokuwa watumishi wa reli, bandari na posta walisubiri mafao yao hadi 2005, na wengi walilipwa kupitia wajane na watoto. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi mfanyakazi haki za hifadhi ya jamii katika nchi anakofanyia kazi. Lakini sheria ya Tanzania inataka michango ya miezi 180 ndipo mtu apate pensheni ya kustaafu. Aliyechangia miaka minane Kenya na kumi Tanzania ana miaka 18 mgongoni, lakini bila utaratibu wa kuijumlisha anastaafu Tanzania bila pensheni ya kumwachia mke.

Marekani walipambana na swali hili la mkupuo na mwezi mwaka 1984, wakapitisha sheria kwamba mwanachama wa mfuko wa pensheni wa mwajiri binafsi hawezi kuacha sehemu ya mwenzi wake bila saini ya mwenzi huyo. Sisi tunayo kanuni ya aina hiyo kwa nyumba: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama Bunge litakubali siku moja mkupuo uvuke asilimia 35 kwa mwanachama wa NSSF, basi nafasi hiyo iwe ya hiari, na fomu iwe na mstari wa pili wa saini, unaojazwa na mke au mume mbele ya ofisa baada ya kuonyeshwa tarakimu zote mbili, ya mkupuo na ya mwezi.