Muswada wa Filamu Si Hati ya Kiapo

Hivi karibuni nilialikwa kushuhudia upigaji wa filamu fupi karibu na Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ilipo tembe iliyowahi kuwahifadhi Livingstone na Stanley. Filamu ilimhusu mpagazi wa Kinyamwezi anayerejea nyumbani kutoka Bagamoyo baada ya miezi mingi ya safari. Katika muswada, mkewe alipaswa kutamka sentensi tatu za kumkaribisha.

Mama aliyepewa nafasi hiyo, mkulima wa tumbaku ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera, hakutamka hata moja. Alimtua mumewe mzigo, akaweka kiganja begani pake, akakiacha hapo kwa muda, kisha akaenda kumletea maji. Mwongozaji alitaka onyesho lirudiwe. Mpiga picha akamsihi alitazame kwanza. Likabaki kama lilivyo.

Nilipomuuliza mama yule sababu, alinijibu: “Mwalimu, mtu aliyebeba mzigo kutoka pwani humpokei kwa hotuba. Unaangalia kwanza kama bega lingalipo.”

Jioni, mtayarishaji, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, alinijia na hofu. Muswada wenye zile sentensi tatu ndio aliouwasilisha alipoomba kibali. Je, amekosa?

Swali lake si la kipuuzi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, ilitungwa juu ya wazo kwamba mtu aombe kibali kabla ya kupiga picha, akiambatanisha maelezo ya matukio na maneno yatakayosemwa na wahusika. Jirani zetu Kenya wana sharti linalofanana katika Sura ya 222 ya sheria zao. Wazo hilo linachukulia kwamba filamu hukamilika mezani, na kwamba kazi ya mwigizaji ni kukariri.

Historia ya sanaa yetu yasema vinginevyo. Vichekesho vya vikundi vyetu vya sanaa vilijengwa juu ya kisa kilichokubaliwa, maneno yakazaliwa jukwaani. Na kabla ya hapo, katika njia hii hii ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, kirangozi aliyewatangulia wapagazi alijua vituo na visima, lakini nyimbo zilitungwa njiani, kulingana na uchovu, njaa na mzaha wa siku hiyo. Njia ilijulikana, wimbo haukujulikana.

Sitetei uvivu. Zipo filamu zetu nyingi zilizopigwa bila muswada wa maana, ambamo waigizaji wawili hugombana sebuleni kwa dakika kumi wakirudia neno lile lile, kwa sababu hakuna aliyewaambia onyesho linaelekea wapi. Huko si kubuni, ni kupotea. Mama wa Kwihara alijua onyesho linadai nini: mke ampokee mumewe. Alibadili namna ya kulitimiza, hakubadili kisa. Uhuru wake uliwezekana kwa sababu muswada ulikuwa umemwonyesha njia.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaohusika na vibali wapokee muswada kama ramani ya kisa, si hati ya kiapo. Wenye mamlaka ya kukagua wakague filamu iliyokamilika, kwani ndiyo itakayomfikia mwananchi. Nanyi wanaharakati, mnapodai uhuru wa kujieleza, msiishie kwenye magazeti na mitandao. Mwigizaji naye ni raia mwenye ulimi. Na wanafunzi wangu, andikeni miswada imara, kisha muwe na unyenyekevu wa kumsikiliza anayeyajua maisha mnayoyaandika.

Nilimshauri kijana yule alibakishe onyesho na aeleze mabadiliko hayo kwa maandishi. Alikubali, ila alilala akiwa na wasiwasi. Taifa linalomtia msanii wasiwasi kwa sababu ya kiganja kilichowekwa begani lina jambo la kujiuliza.